Udongo usiopigwa picha

Swali la wiki lilikuwa: msanii akiingiza udongo, mawe au mimea ukumbini, tunaona asili yenyewe au mfano wake tu? Mimi hutazama kwanza kama kitu hicho bado kinadai kutunzwa.

Mtaa wa Wooster, New York, kuna Chumba cha Udongo alichokitengeneza msanii Walter De Maria mwaka 1977. Unapanda ngazi za jengo la kawaida, na mbele yako ni udongo mweusi tupu, kina cha sentimita 56, umeenea mita za mraba 335. Uzito wake unazidi tani 127. Hauruhusiwi kukanyagwa wala kupigwa picha, na katazo hilo la picha ndilo ninalolithamini zaidi. Leo vitu vingi tunaviona kwenye simu kwanza, na tukifika mahali penyewe tunakagua tu kama vinafanana na picha. Pale unakaribishwa na harufu ya ardhi mbichi, ambayo simu haiwezi kuituma. Tena udongo ule haujaachwa tu: humwagiliwa, hupigwa reki, na uyoga ukiota huondolewa. Ni kazi ya shamba hasa, mwaka baada ya mwaka, bila mavuno.

Atakayesema kukataza picha ni kulikwepa swali, amtazame Nam June Paik, msanii wa video mzaliwa wa Seoul. Katika Bustani ya Televisheni ya mwaka 1974 alizipanga televisheni katikati ya mimea hai, skrini nyingi zikielekea juu kama maua, zikionyesha video ya muziki na dansi. Macho hukimbilia mwanga. Lakini zima umeme kisha uwashe, video itarudi ileile. Mmea ulionyimwa maji haurudi.

Hata hivyo, sikubali kwamba mmea ni ukweli na skrini ni uongo. Zile televisheni za chogo hazitengenezwi tena, na makumbusho yanahangaika kutafuta vipuri vyake, ilhali mmea uliokauka hupata mbadala kwenye kitalu chochote. Televisheni nazo zimekuwa vitu vinavyochakaa na kufa, vinavyomhitaji mtu.

Ndiyo maana ningependa kila kazi ya namna hii iandikiwe ubaoni, kando ya jina la msanii, jina la anayemwagilia maji na anayebadilisha vipuri.