Kumfuatilia mama wa watoto kwa mpelelezi wa kulipwa

Kaka, umesema watoto wako wawili wako kwa mama yao kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, na kuna mtu anayetaka umlipe dola ili amfuate mama huyo, ampige picha na kufungua simu yake, upate cha kupeleka mbele ya hakimu.

Simu usiiguse. Katiba yetu ya Kongo (RDC) ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha na siri ya mawasiliano, na avoka (wakili) wa mama atakugeuzia kibao siku hiyohiyo.

Halafu jiulize, hizo picha zitaonyesha nini? Kwamba mama ana rafiki? Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inatanguliza faida ya mtoto. Hakimu anataka kujua kama wanakula, wanasoma, wanatibiwa, nani anabaki nao usiku. Hayo utayapata bila kujificha: buleteni (ripoti za maendeleo) za shule, karatasi za kituo cha afya, majirani walio tayari kusema kwa jina lao. Muombe avoka wako adai uchunguzi wa kijamii nyumbani kwa mama na kwako pia.

Dada yangu alifuatwa hivyo hapa Lubumbashi. Mtoto wake wa miaka saba ndiye aliyemwona mtu yule kwanza, nje ya shule, na kwa miezi mingi alikataa kutoka peke yake.

Ukiona alama za kipigo mwilini mwa watoto wako, usingoje. Mpeleke mtoto kwa daktari, uombe cheti, kisha umwone avoka.