Rush au X-Trail, na Laki Tano Ambayo Mumeo Haijui

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Tabora mjini, naishi Ipuli na watoto wetu wawili. Mume wangu anafanya kazi Urambo, anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Tumejichanga, nami nimepata mkopo wa SACCOS ya kazini, tunataka kununua gari letu la kwanza. Mimi nataka Toyota Rush. Mwenzangu anataka Nissan X-Trail, ile ya umbo la pili, kwa sababu ni pana na Desemba tukienda Dar kwa ndugu zake tutakaa vizuri. Anasema Rush ni gari la kike. Kaka yake aliyeko Dar kila siku anamtumia picha za X-Trail. Nikimwambia kwamba mimi ndiye nitakayeendesha, zamu za usiku, shule, sokoni, na kumfuata mama mkwe kijijini Sikonge anapokuja kliniki ya magoti, ananijibu, "Basi amua, si hela ni zako." Wiki ya pili sasa hatuongei vizuri. Kuna dalali amenionyesha Rush safi, namba D, nimeshampa laki tano asije akaiuza. Mwenzangu bado sijamwambia. Shangazi, nichukue gari lipi, na nifanyeje mume wangu asilisusie?*
*Mama wa Ipuli*

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku.

Nitaanza na gari maana ndilo uliloniuliza. Hiyo laki tano uliyoidokeza mwishoni mwa barua nitaifikia, na nikiifikia nitakuambia ukweli wote.

Kwa maisha uliyonieleza, chukua Rush. Ila si Rush yoyote itakayoletwa na dalali, na pengine si hiyo aliyokuonyesha.

Siku tano kati ya saba gari litakuwa mikononi mwako, na kazi yake ni nyumbani, hospitali, shule, sokoni, nyumbani tena. Hizo ni safari fupi za kusimama na kuondoka, kupishana na bajaji na baiskeli, kugeuza gari kwenye vichochoro vyenye mchanga, na kuegesha chini ya mwembe palipobaki nafasi kidogo. Rush ina urefu wa karibu mita 4 na upana usiofika mita 1.7. X-Trail anayoitaka mwenzako, iliyoanza kutoka kiwandani 2007, inapita mita 4 na nusu kwa urefu. Kwa mtu anayeanza kuendesha gari lake mwenyewe, tena anatoka kazini asubuhi macho yakiwa mazito, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye picha za shemeji yako.

Mafuta nayo uyaangalie. Injini ya Rush ni ya cc 1,495, ya X-Trail nyingi za umbo hilo ni ya cc 1,997. Tangi la Rush linajaa kwa lita 50, la X-Trail kwa lita 65. EWURA wanapotangaza bei kikomo za mwezi, ya Tabora huwa juu kuliko ya Dar kwa sababu mafuta yamesafirishwa hadi huku, na safari za kilomita tatu nne za mjini ndizo zinazokula zaidi, maana injini haijapata moto vizuri umeshafika. Usitegemee Rush inywe kidogo kama Vitz. Ina uzito, na injini yake inafanya kazi kubwa. Lakini mwisho wa mwezi, SACCOS wakishakata chao, utakuwa umebaki na kitu.

Sasa nimtendee haki mwenzako, maana kwa safari ya Dar anasema kweli. Ni zaidi ya kilomita 800. Tangu kipande cha Nyahua hadi Chaya kiwekwe lami, mtu anatoka Tabora hadi Manyoni na kuendelea bila kukutana na vumbi, na kwenye lami ndefu kama hiyo X-Trail imetulia, viti vyake ni vipana na buti lake linabeba. Rush ya otomatiki ina gia nne tu, kwa hiyo ukikimbia injini inapiga kelele muda wote. Inarukaruka kwenye matuta, na nyuma ukishaweka mabegi mawili makubwa, gunia la mchele na ndoo ya asali ya shemeji zinahamia miguuni mwa watoto. Mngekuwa mnakwenda Dar kila mwezi, ningekuambia kubali X-Trail leo. Mnakwenda Desemba. Miezi mingine yote gari ni la Tabora.

Kuna jambo jingine linalonitia hofu kwenye X-Trail hiyo, nalo ni giaboksi. Ya otomatiki ya petroli inatumia CVT. Hii haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazotanuka na kubana. Ikiwa nzima inakwenda kwa ulaini wa kupendeza. Lakini inataka oil yake yenyewe, inaitwa NS-2, na haipendi joto. Fundi asiyejua akiimwaga na kuweka oil ya giaboksi za kawaida, mkanda unaanza kuteleza na kula puli, na mwenye gari hajui mpaka siku linapokataa kuondoka. Gari la mkononi limepita kwa watu wangapi, na kila mmoja alimwaga oil wapi? Nissan wenyewe, mwaka 2009 kule Marekani, waliongeza dhamana ya CVT za magari yao ya 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, likiwemo Rogue ambalo ni ndugu wa X-Trail hii. Huko mwenye gari alikuwa na dhamana ya kampuni. Wewe una dalali. Ikifa, mara nyingi inabadilishwa giaboksi nzima, na hiyo itaagizwa Kariakoo, itasubiriwa stendi, na mkopo wako utaendelea kukatwa gari likiwa juu ya mawe.

Giaboksi ya Rush ni ya mtindo wa zamani na mafundi wengi wameshaifungua. Isitoshe, Rush imetengenezwa na Daihatsu, na Daihatsu waliiuza kwa jina la Be-go, kwa hiyo spea ikikosekana kwa jina moja uliza kwa jina la pili.

Haya, sasa tuiangalie hiyo Rush yenyewe, na hapa chukua kalamu. Zipo za aina mbili na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Moja inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Nyingine inasukuma yote manne wakati wote, na ina kitufe kwenye dashibodi cha kufunga difu ya katikati ukinasa, ili magurudumu ya mbele na ya nyuma yasukume kwa pamoja. Mwombe dalali kadi ya gari, usome namba ya chesisi. Ikianza na J200E, ni ya magurudumu mawili. Ikianza na J210E, ni ya manne. Kwenye X-Trail, NT31 ni ya manne na T31 tupu ni ya mawili. Usiishie kwenye kadi. Piga magoti utazame namba iliyogongwa kwenye gari lenyewe, zifanane tarakimu kwa tarakimu.

Nakusisitizia hili kwa ajili ya mama mkwe. Barabara ya Sikonge ni lami, haina neno. Kazi inaanza ukiiacha lami. Kiangazi ni mchanga, na gari linalosukuma nyuma tu, likiwa halina mzigo, linachimba shimo na kukaa. Masika ni mbuga, ule udongo mweusi unaojaza tairi mpaka kashata zote zinapotea na unakuwa unaendesha tope juu ya tope. Kama Rush ya dalali ni J200E, ni gari zuri la kwenda kazini na shuleni, lakini halitakufikisha kwa mama mwezi Machi. Na hata ukipata J210E, mbuga ikishajaa maji usiingie. Liache gari kwa mtu unayemwamini karibu na lami, mama aletwe taratibu kwa bodaboda au bajaji mpaka hapo.

Tena kabla ya kulipa, huyo mama mwenyewe apande. Sakafu ya Rush iko juu, na kwa mtu wa magoti kupanda si sawa na kushuka. Mkalishe kiti cha mbele, mwache ashuke mwenyewe, umtazame anashika wapi na mguu gani unatangulia. Akilalamika, fundi wa kuchomelea anaweza kukuwekea kikanyagio cha pembeni. Mkwe aliyeulizwa mapema kuhusu gari la mwanawe atalisemea vizuri kuliko wewe, nawe unahitaji mtu wa kulisemea.

Mambo mengine fundi wako anayajua: liwashwe asubuhi likiwa la baridi, moshi wa bluu uangaliwe, shokapu na bushi zitikiswe, lipimwe kwa mashine. Muhimu awe fundi wako, asiwe rafiki wa dalali. Faini za barabarani ziangaliwe kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Na kadi uione halisi. Ukiambiwa iko kwa mtu, iko njiani, iko Dar, simama hapo hapo, kwa sababu kadi nyingi zimewekwa rehani kwenye mikopo.

Sasa laki tano.

Mwanangu, umenieleza mzozo wa magari mawili, lakini mumeo hajui kwamba moja umeshaanza kulilipia. Anabishana na wewe akidhani jambo liko mezani, kumbe umeshalifunga. Wewe mwenyewe unajua si sawa, ndiyo maana umeliweka mwisho kabisa wa barua. Akilisikia kwa dalali, na Tabora si mji mkubwa kiasi hicho, hatalikumbuka tena suala la buti wala viti. Atakumbuka kwamba mlikuwa mnajadiliana na wewe umeshatoa hela.

Nalisema hili nikijua uchungu wako. Wewe ndiye unayeamka, unayepanga foleni, unayebeba mtoto mwenye homa usiku kwenye bodaboda. Mkopo uko kwenye mshahara wako. Na kumwambia mama wa namna hiyo kwamba anataka "gari la kike" ni kumkosea, nawe una haki ya kumwambia mumeo kwamba neno lile lilikuuma. Mwambie hivyo hivyo, kwa utulivu, bila kumrudishia tusi.

Lakini lile jibu lake, "si hela ni zako", lisikilize vizuri. Huyu baba analala nyumbani kwake siku tatu kwa wiki. Anafika Ijumaa anakuta mambo ya shule yameamuliwa, ya fundi bomba yameamuliwa, na mkopo ambao ni mkubwa kuliko yote umeandikwa jina lako. X-Trail kwake ni mahali pa mwisho ambapo bado ana neno. Ukimshinda kwa hoja ya cc na lita, atakubali kwa mdomo, na hilo gari hatalioshea hata kioo.

Kwa hiyo Ijumaa usimpokee na habari ya gari. Ale, aoge, watoto walale. Halafu anza na kosa lako: "Baba watoto, nilimpa dalali laki tano bila kukuambia. Niliogopa gari litauzwa. Nimekosea, naomba unisamehe." Usiongeze "lakini". Akikasirika, mwache akasirike. Ana haki hiyo kwa jioni moja. Usiitetee Rush usiku huo.

Jumamosi mwombe kazi ambayo ni yake kweli. Aende yeye kwa dalali pamoja na fundi, akasome chesisi, akalale chini ya gari aangalie. Akipata X-Trail yenye NT31, mwenye gari anayeweza kuonyesha risiti za NS-2, na fundi akaiendesha barabara ya Nzega nusu saa mpaka ikapata moto kamili bila mlio wala kusita, basi nawe ikague kwa moyo mweupe kabla ya kukataa. Akiikosa, na nadhani ataikosa kwa bei mliyo nayo, ataiangalia J210E kwa macho mengine kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa ameipata.

Na Desemba mpe jibu linaloshikika. Kaeni mpige hesabu ya nauli ya basi ya watu wanne kwenda na kurudi, muweke hela hiyo kando tangu sasa. Ikifika Desemba mkaona Rush inawatosha, mtaitumia hela hiyo kwa mafuta. Mkiona haiwatoshi, mtapanda basi na gari libaki kwa jirani.

Dalali mpigie leo, kabla mumeo hajafika. Mwombe risiti ya laki tano yenye jina, tarehe na namba ya gari, na iandikwe kwamba fundi akikuta kasoro au chesisi isipofanana na kadi, hela inarudi yote. Akikataa kuandika, hiyo Rush iache iuzwe, na Ijumaa mwambie mumeo hilo nalo.