Kuanzia Red Country bila kusoma vitabu vya mwanzo

Ndugu, nimekuelewa: unapenda hadithi za makauboi, umeipata Red Country ya Joe Abercrombie (2012), ila unahofia kupotea kwa kuwa hujasoma vile vitabu vitatu vya mwanzo vya mfululizo wa The First Law. Hutapotea. Shy, mhusika mkuu, anakuta shamba lao limechomwa, wadogo zake Ro na Pit wametekwa. Anafunga safari na Lamb, baba wa kambo, mtu mpole hadi anapunjwa bei ya nafaka akinyamaza. Huyo Lamb ana historia ndefu, na ukianzia hapa, raha ya kumtambua polepole utaikosa. Mimi ningeanza na The Blade Itself (2006), cha kwanza kati ya vile vitatu. Ukishindwa kusubiri, soma tu, lakini kaa mbali na muhtasari wa mtandaoni. Damu ni nyingi mno. Kama utekaji umewahi kuigusa familia yako, kiweke kando kwanza, uzungumze na mshauri nasaha.