Mwanga wa Endoskopi: Maswali ya Wasomaji

Nimeandikiwa kipimo cha endoskopi ya tumbo, yaani kuchunguzwa ndani kwa mpira wenye kamera. Je, balbu yake haitaniunguza ndani? (Msomaji, Tanga)

Ondoa shaka. Katika mashine nyingi balbu hubaki ndani ya kisanduku kando ya kitanda, na mwanga wake husafiri kwenye maelfu ya nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, hadi kwenye ncha ya mpira utakaoumeza. Hofu yako ingekuwa na msingi mwaka 1879, wakati Max Nitze alipoonesha mjini Vienna chombo cha kuchungulia kibofu cha mkojo, ambacho waya wake wa platinamu uliwaka kwa umeme ndani ya mwili wa mgonjwa, huku ukipozwa kwa maji yaliyozungushwa muda wote.

Kwa nini daktari alibadilisha rangi ya picha ikawa ya kijani na buluu? (Msomaji, Nakuru)

Huenda alikuwa akitumia mwanga wa mawimbi mawili tu, ya takribani nanomita 415 na 540, ambayo hemoglobini, yaani kiini chekundu cha damu, hufyonza sana. Mishipa midogo ya damu huonekana wazi zaidi, na mpangilio wake usio wa kawaida unaweza kuashiria saratani changa.

Picha zetu za upasuaji wa matundu madogo, unaofanywa kwa kamera, zimefifia na kuwa za manjano, na uongozi unataka kununua kamera mpya. Tufanyeje? (Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Morogoro)

Nawasihi msinunue chochote kabla ya kukagua kebo ya mwanga, ile inayotoka kwenye kisanduku cha balbu. Ichomoeni kwenye mashine, elekezeni ncha moja kwenye taa ya kawaida ya dari, kisha mtazame ncha ya pili: kila kidoa cheusi ni uzi uliokatika. Kamwe msiitazame ncha ya kebo iliyounganishwa na mashine inayowaka, kwa kuwa mwanga huo unaweza kudhuru jicho. Nyuzi hukatika kebo inapokunjwa kwa pembe kali au kuangushwa wakati wa kuosha, na masalia ya damu au sabuni yakigandia kwenye ncha, mwanga hupungua na kugeuka manjano. Baada ya hapo someni saa ambazo balbu imetumika, kwa maana balbu nyingi za zenoni (gesi inayotoa mwanga mkali) hubadilishwa zikifikisha saa 500 hivi, na mhakikishe kamera inaoneshwa kitambaa cheupe kabla ya kila upasuaji, ili irekebishe rangi zake. Inasikitisha hospitali kutumia fedha nyingi kwa kamera ilhali kasoro iko kwenye kebo.

Tuchague zenoni au LED? (Msimamizi wa vifaa, Kisumu)

Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ningechagua LED. Zenoni ya wati 300 ina mwanga mweupe mzuri sana, lakini kila kuwashwa na kuzimwa hupunguza umri wa balbu, wakati LED hudumu makumi ya maelfu ya saa na hula umeme kidogo. Ulizeni mapema gharama ya kubadilisha LED iliyoharibika, maana si balbu ya kuchomoa tu.

Mbona huitwa mwanga baridi, nasi shuka yetu ya upasuaji imetoboka? (Muuguzi, Mombasa)

Kwa sababu miale mingi ya joto huchujwa ndani ya kisanduku. Hata hivyo, mwanga wenyewe ukimezwa na kitambaa, hasa cha rangi nzito, hugeuka kuwa joto, na ncha iliyolazwa juu ya shuka inaweza kuichoma kwa muda mfupi, hatari inayozidi mgonjwa anapopewa oksijeni. Unganisheni kebo na darubini, yaani bomba lenye lenzi linaloingizwa mwilini, kwanza ndipo mwashe mwanga. Mkimaliza, zimeni mwanga kabla ya kuchomoa chochote.