Shoga yangu ananiita mwizi

SWALI: Nina miaka 71. Shoga yangu tunajuana tangu darasa la 3. Tumezikiana waume, tumeleleana watoto. Tangu mwaka jana anauliza jambo lile lile tena na tena, na mwezi uliopita alisema mbele ya binti yake kuwa nimemwibia bangili. Niliapa, nikalia, akazidi kuwaka. Bangili zikaonekana ndani ya foronya yake, lakini wiki iliyofuata akarudia maneno yale yale. Wanangu wanataka nikate mguu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, Mama. Usikate mguu. Kumtuhumu mtu kuwa ameiba kitu ambacho mgonjwa mwenyewe alikificha ni dalili inayojulikana sana ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Anaficha bangili kwa wasiwasi, tendo la kuficha halibaki kichwani, na akizikosa akili inatafuta sababu. Sababu iliyo karibu ni mtu anayeingia chumbani mwake. Ndiyo maana lawama humwangukia binti, mtunzaji au shoga wa siku zote. Unaonewa kweli, lakini hakukaa akakupangia ubaya.

Kwanza aonwe na daktari. Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo polepole, ndiyo chanzo kinachoongoza, ila si cha pekee: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyopunguza kazi, sonona, au damu iliyovuja polepole kichwani baada ya kuanguka huvuruga kumbukumbu pia, na hayo yana tiba. Binti aombe vipimo vya damu na abebe dawa zote anazotumia mama, hata za mafua na usingizi, kwa kuwa dawa za usingizi na baadhi ya dawa za zamani za mzio huwachanganya sana wazee. Masikio nayo yapimwe. Halafu angalieni kasi. Akibadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, akawa anasinzia mno au anaona visivyokuwepo, huenda ni maambukizi ya mkojo au mapafu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akikutuhumu tena, usiape wala usijitetee. Kujitetea kunamtaka apime ushahidi, na uwezo huo ndio uliopungua. Mwambie, “Pole, bangili zako hazionekani. Tuzitafute wote.” Anzeni kwenye foronya, viatu, mifuko ya makoti na chini ya godoro, na pipa la taka lipekuliwe kila mara kabla halijamwagwa. Ukiziona wewe kwanza, msogeze pale azione mwenyewe, na usimwambie “si nilikuambia.” Kisha badilisha mazungumzo. Akiendelea kuwaka, toka dakika 10, urudi kwa salamu mpya kana kwamba ndiyo kwanza unafika. Vitu vya thamani binti avipige picha na kuvihifadhi kwingine, amwachie mama bangili za kawaida zinazofanana na zile.

Nawe jilinde, na hapa tunasisitiza: usishike pesa zake, kadi yake ya benki wala namba yake ya siri, hata akikubembeleza. Ukilazimika kumnunulia kitu, weka risiti na uandike kwenye daftari ambalo binti analipitia. Hati ya kumpa binti mamlaka ya kusimamia fedha ishughulikiwe mapema kwa mwanasheria, wakati mama bado anaelewa anachosaini. Familia nyingi huchelewa hapo, na baadaye hubaki na njia ndefu ya mahakama.

Mtembelee asubuhi, maana wagonjwa wengi huhangaika zaidi kuanzia jioni. Nusu saa hadi saa moja inatosha, redio na televisheni zikiwa zimezimwa. Ingia ukijitaja jina. Usimuulize “Unanikumbuka?”, huo ni mtihani, na akishindwa ataaibika. Zungumzeni ya shuleni: kumbukumbu za utotoni kwa kawaida hudumu kuliko za juzi, na huenda hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kumjibu kuhusu mwalimu yule au wimbo ule.

Kaa na binti pembeni, mgonjwa asiwepo, umweleze haya yote. Naye amechoka, kumshikia zamu asubuhi moja kwa wiki ni msaada mkubwa kuliko maneno ya kumfariji. Siku ambayo tuhuma ni kali mno, subiri mtu mwingine wa nyumbani afike ndipo uondoke, mpigie binti simu umweleze kilichosemwa kabla hajakisikia kwa mama yake, na urudi siku ile ile mliyokuwa mmepanga.