Biskuti za Krismasi na watoto: unga ukande usiku, peke yako

Juzi mama mmoja wa Mikindani, mwenye watoto watatu, kaniandikia usiku wa manane: "Dada, leo nimejaribu biskuti za Krismasi na watoto. Unga umenata mezani, mmoja amelia, mwingine amekula unga mbichi, na mimi nimewafukuza wote jikoni. Kesho nanunua za dukani. Wewe huwezaje?" Nikacheka peke yangu kitandani. Zamani maswali ya namna hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiwauliza watu, na wengine hawakuwa hata wananijibu.

Jibu lako, shoga yangu, nalitoa hapa hapa juu: watoto wasiuone unga mpaka uwe umelala kwenye friji usiku mzima. Mengine yote nitakayosema yanarudi pale pale.

Vipimo vyangu si siri. Siagi gramu 200, sukari gramu 200, yai 1, unga wa ngano gramu 400, chumvi kidogo. Hamira sitii, beking pauda sitii. Ukitia, biskuti inafura, na nyota uliyoikata kwa pembe tano inatoka andazi. Siagi na sukari zivuruge mpaka zishikane tu, usizipige kama za keki, maana hewa ikizidi biskuti hutanuka zikiwa motoni. Mimi huongeza mdalasini na iliki iliyotwangwa. Wajerumani, ambao biskuti za Krismasi kwao ni shughuli hasa, hutia mdalasini, iliki na karafuu, na vyote hivyo ukienda Marikiti unavikuta kwenye magunia. Karafuu yenyewe iko Pemba, hapo ng'ambo tu. Kwa hiyo yule anayeniambia kwamba haya ni mambo ya Wazungu, aende akanuse kwanza.

Sasa joto. Desemba Mombasa mchana hupita nyuzi 30, na siagi ya maziwa huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Fanya hesabu mwenyewe. Jikoni kuna oveni imewashwa, madirisha umeyafunga upepo wa kaskazi usipeperushe unga, na watoto wamejaa, kila mmoja na viganja vyake vya moto. Siagi itasimama vipi? Unga ukinata, watu wengi huongeza unga mkavu, na hapo ndipo biskuti inapotoka ngumu ya kuvunja meno. Kilichohitajika kilikuwa ni baridi. Majarini ya kopo, ile inayokaa rafuni dukani bila friji, inavumilia zaidi, ila ladha yake si ile. Mimi huchanganya nusu kwa nusu na sioni haya kusema.

Tena usiuweke kwenye friji ukiwa umeviringwa. Usiku ule ule, watoto wakishalala, usukume ungali laini, katikati ya karatasi mbili za kuokea, kwa mti wa kusukumia chapati, unene wa nusu sentimita. Panga hizo karatasi kwenye sinia, tia kwenye friji, nenda kalale. Asubuhi kazi ya mtoto ni moja tu, kukata. Kusukuma hakumhusu, kupima hakumhusu. Mwenye miaka mitatu ukimpa mti wa chapati, ujue umempa rungu.

Haya sikuyasoma popote. Yametokana na jambo ambalo hata leo nikilikumbuka shingo hupata moto. Mwaka mmoja tulipanda kwa wakwe Wundanyi, bati la biskuti nimelipakata tangu Mombasa, kule Voi tulipobadilisha gari nikakataa lipandishwe juu na mizigo. Watoto walikuwa wamekata wenyewe, na mdogo alikuwa amekata ngamia, kwa sababu ngamia ndiye mnyama wake wa Krismasi: wanapita ufukweni pale Pirates wakibeba wageni, naye tangu aanze kusema hujiita mwenye ngamia. Wifi yangu akafungua bati mbele ya watu, akamtoa yule ngamia, shingo ikiwa imevunjika na nundu imeteleza upande, akamwinua juu. "Hizi zimekanyagwa kwenye feri?" Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu naye akacheka, na hilo nililiweka mahali pake. Mwanangu hakucheka wala hakulia, alikwenda kumchukua ngamia wake mkononi mwa shangazi yake, akamtia mfukoni, akatoka nje.

Biskuti za wifi zilikuwa zimenyooka, sikatai. Lakini Wundanyi ni mlimani. Asubuhi pale mtu anavaa sweta, na siagi inashinda juu ya meza bila kulegea. Aje aokee Bamburi saa nane mchana tumwone. Tangu siku hiyo nikasema biskuti za nyumba yangu zitatoka na pembe zote, na watoto wangu ndio watakaozikata. Mwaka huu zimetoka. Jumapili baada ya misa sahani ilizunguka mara moja ikarudi na makombo, na kina mama wakaja kuniuliza vipimo. Nimewapa wote.

Tunaanza saa moja asubuhi, jua halijakaza. Natoa karatasi moja kutoka kwenye friji, nyingine zinabaki humo humo. Watoto wakishakata, yale maumbo yanarudi kwenye friji kwa dakika 15 kabla ya kuingia motoni, nami natoa karatasi ya pili. Unga ukianza kung'aa mafuta, urudishe. Mtoto akilia kwamba hajamaliza, urudishe vilevile. Mabaki unaweza kuyakusanya na kuyasukuma tena mara moja. Ukiyarudia rudia, ngano inakaza na biskuti haivunjiki vizuri mdomoni. Hayo mabaki ya mwisho wape watoto watengeneze nyoka na mipira, uyaoke peke yake. Kuyala mabichi hapana, kwa sababu ya yai, na pia kwa sababu unga wa ngano mbichi unaweza kuwa na vijidudu. Wangu wanalijua hilo, na bado nikigeuka kumwona mmoja najua kwa namna alivyofunga mdomo.

Vikatio vya madukani vingi ni mtu wa theluji na kulungu mwenye mapembe. Watoto wangu theluji wanayoijua ni ile ya friza. Kwa hiyo chora kwenye kadibodi unachotaka, kikate, kiweke juu ya unga, zungusha kwa kisu butu. Sisi tunakata samaki, ngalawa yenye tanga pana, kobe. Jirani yangu ni Mwislamu, na kila Desemba huniazima vibati vyake vya biskuti za Idd: ua, kopa, mwezi mchanga na nyota. Nyota ya kwao ndiyo hiyo hiyo nyota yetu ya Bethlehemu. Yeye hupata sahani yake ya kwanza kabisa, na sahani hiyo hairudi kwangu tupu. Ngamia tumemkata tena mwaka huu, ila shingo yake sasa ni nene kuliko alivyomuumba Mungu. Sehemu nyembamba huungua kabla ya tumbo kuiva, ndiyo maana pia wadogo uwaoke na wadogo wenzao na wakubwa kivyao.

Oveni nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Zitoe kingo zikianza kupata rangi. Zitakuwa laini bado, ziache palepale, zinakazana zikipoa. Kama huna oveni, bibi zetu walioka kwa sufuria na makaa: tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka bati la biskuti juu yake, moto kidogo chini na makaa mengi uliyopalia juu ya mfuniko. Zinaiva. Hapo watoto wakae mbali, wamekwishamaliza zamu yao.

Na sasa nyinyi mnaopiga picha. Nimeona mama ambaye mwanawe amekata samaki, akatoka kwenda kunawa, na mama akamkunja samaki yule haraka, akakata mwingine mzuri wa kupigia picha. Mtoto alirudi akamtafuta samaki wake kwenye sinia nzima. Jamani! Huyo mtoto umemfundisha nini? Unataka biskuti zilizonyooka, zioke mtoto akiwa shule, hakuna atakayekulaumu. Lakini ukishamwita jikoni umempa neno lako, na samaki asiye na mkia ni samaki wake, ataingia motoni na wenzake na atawekwa sahanini na wenzake. Wangu huwa nawawekea alama kwa ncha ya uma, kila mtoto idadi yake ya matundu, ili mtu asije akaambiwa yake imeliwa na baba.

Aisingi ifanye kwa sukari ya unga na maji ya ndimu, ute wa yai mbichi uache. Iwe nzito, idondoke kijikoni polepole. Rangi mbili zatosha, maana ukiweka nne zitavurugwa zote ziwe kijivu. Unyevu wa hapa hauikaushi upesi, elekeza feni kwenye sinia na uwape watoto kazi nyingine nje, vinginevyo watagusa.

Unyevu huo huo ndio unaolegeza biskuti kwenye bati, hata zilizookwa vizuri. Zipoe kabisa kwanza, kisha bati lenye mfuniko wa kukaza. Zikilegea, zirudishe ovenini dakika 5 kwa moto mdogo, ziache zipoe, zitavunjika tena. Zilizopakwa aisingi haziwezi kurudi motoni, kwa hiyo pakeni zile za kuliwa siku hiyo tu, na nyingine zikae bila rangi mpaka asubuhi ya tarehe 25.