Baba akatwe uvimbe kwa kamera, au apasuliwe?

SWALI: Shikamoo mama. Baba ni mwanajeshi mstaafu wa miaka 64, tunaishi Jinja. Kamera imeonyesha uvimbe wa sentimita moja na nusu tumboni, na maabara imesema ni saratani changa. Daktari anashauri tumpeleke India ukakatwe kwa mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa. Jirani anasema tumbo litatoboka. Halafu baba anameza aspirini ya moyo kila siku. Tukubali?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Swali la kumuuliza daktari ni hili: uvimbe umeingia kina gani? Saratani iliyobaki kwenye utando wa juu wa tumbo la chakula ni nadra kufika kwenye tezi za limfu, ambako saratani hupitia kusambaa mwilini, ndiyo maana inaweza kuondolewa kwa kamera. Wajapani ndio walioanza kukata hivi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Daktari hudunga maji chini ya uvimbe, utando unatuna kama chapati kikaangoni, kisha anauchonga kuzunguka kwa kisu kidogo cha umeme na kuutoa mzima.

Jirani hajadanganya. Katika wagonjwa 100, wachache hutoboka. Lakini mara nyingi tundu hubanwa palepale kwa vibanio vidogo vya chuma, bila kupasua mtu.

Mimi naogopa zaidi damu, kwa sababu inaweza kuja siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani. Nimekuwa muuguzi wa chumba cha kamera miaka tisa. Mzee mmoja tulimtoa kinyama tumboni, akarudi siku ya tatu kwenye boda, jasho linamtoka, choo cheusi kama lami. Kumbe alikuwa anameza dawa ya kuyeyusha damu. Tulimuuliza mara moja tu, mlangoni, mbele ya watu, akasema hana dawa. Alipona, lakini nilijilaumu, na tangu siku hiyo nauliza mara tatu, mgonjwa akiwa ameketi. Aspirini ya baba nayo huongeza hatari ya kutoka damu, lakini msiikatishe wenyewe, maana moyo nao unaweza kugoma. Daktari wa moyo na wa tumbo waamue pamoja. Baba akiona choo cheusi au akitapika damu, hospitali usiku huohuo.

Kipande kilichokatwa kitapimwa kwa darubini. Wakisema mizizi imeingia ndani, au kingo zake bado zina saratani, upasuaji utahitajika, na hapo msikatae.

Kisha ulizeni kuhusu Helikobakta pailori, kimelea cha tumboni ambacho Warren na Marshall wa Australia walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kukigundua. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, lilikitaja kuwa chanzo cha saratani mwaka 1994. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia kwa miaka mitatu watu waliokatwa uvimbe kwa kamera: kati ya 272 waliotibiwa kimelea hicho, 9 walipata saratani nyingine tumboni, kati ya 272 wasiotibiwa, ni 24. Baba apimwe, akiwa nacho ameze dozi yote, na arudi kwenye kamera kila atakapoambiwa, hata akijisikia mzima kabisa.

Mkienda kwa daktari, beba pakiti zote za dawa za baba, na ile mitishamba ya kwenye chupa pia, uziweke mezani kwake.